YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA RUAHA NA KITULO

Kwa Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba mnao na masharti mliyaandika wenyewe, sitayarudia. Naandika kwa sababu ofisi yenu ilimwambia mama yangu, mtu mzima wa miaka 74, atembee kwa miguu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa miguu, Ndugu Meneja, kwenye hifadhi ya simba.

Nililipia Land Cruiser ya paa la kufunguka. Alfajiri ikaja Noah. Dereva akasema ile nyingine iko gereji, na kwa kuwa mizigo ilishatolewa nje na mama alishajiandaa, tukapanda. Kutoka Mbeya, Makambako, Mafinga mpaka Iringa ni lami, nikanyamaza. Ila kutoka Iringa hadi hifadhini kupitia Tungamalenga ni zaidi ya kilomita 100, na njia ile mnaijua kuliko mimi.

Pancha ilitupata kandokando ya mto Ruaha, jua la saa nane. Tairi la akiba lilikuwa kipara. Jeki haikuwemo kabisa. Hifadhini mtu hashuki garini mahali pasiporuhusiwa, lakini dereva alitushusha wote. Kwenye mchanga wa mto, tembo wenye watoto walikuwa wanachimba kutafuta maji. Mtandao ulipokubali, dereva akapiga ofisini kwenu na kuweka spika. Jibu likaja: "Waambie watembee mpaka Msembe, si mbali." Msembe, yaani makao makuu ya hifadhi.

Na Kitulo je? Wakati wa kurudi tulitakiwa kuishia Chimala, tupande zile kona 57 hadi Matamba, tuingie hifadhini. Mwisho wa Novemba niliuchagua makusudi: mvua hazijakolea, kwa hiyo Ruaha wanyama bado wamejazana mtoni, na huku Kitulo maua yameanza kuchanua. Mama ni mzaliwa wa Makete. Bustani ya Mungu aliijua kabla haijatangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, alitaka kuiona tena akiwa bado ana miguu. Tulipofika Chimala dereva akasema gari haipandi, akanyoosha Mbeya. Nikakupigia wewe mwenyewe. Hukupokea.

Narudi Ruaha, maana nadhani hamjanielewa. Mama alisikia kila neno. Spika ilikuwa wazi, na aliyekuwa anaongea alikuwa anacheka. Mama hakujibu kitu. Alijifunga kanga kiunoni, akainama akakaza kamba za raba zake, akanishika mkono: "Haya twende, mwanangu." Alijua ndiyo amri, kwamba ni lazima atembee. Mzee wa watu, ambaye dereva wenu hakumpa hata shikamoo tangu Mbeya, alikuwa tayari kupita mbele ya tembo wenye watoto kwa sababu mtu aliyekaa ofisini kwenye feni amesema si mbali! Nilimkatalia. Tukabaki juani mpaka askari wa hifadhi walipopita, wakatuazima jeki na kumfokea dereva kwa kutushusha. Kibali cha kuingia kina saa zake, na saa zangu niliziacha pale kwenye tairi.

Nilipofika ofisini kwenu naambiwa nitapewa punguzo "safari ijayo". Mimi na mama yangu hatupandi tena gari lenu.

Nilipoanza kuandika nilitaka nirudishiwe pesa ya Kitulo na tofauti ya gari, basi. Sasa nataka pesa yote niliyolipa. Na yule aliyecheka kwenye simu aje nyumbani, amwamkie mama, amwombe radhi mbele yetu sisi watoto wake. Radhi ya kutumwa kwa meseji hatuipokei.

Nawapa siku saba za kazi. Zikipita, nakala ya barua hii inakwenda Wizara ya Maliasili na Utalii, wanaotoa leseni za biashara yenu, na nyingine Tume ya Ushindani, wanaolinda walaji. Risiti ya EFD mliyosema mtanitumia sijaiona hadi leo, hilo nalo nitalifikisha TRA. Na ikibidi mahakamani, nitakwenda, dereva atakuja kueleza jeki ilikuwa wapi.

Nataka majibu kwa maandishi, yenye sahihi na mhuri.

Wenu,
Mteja wa safari ya Ruaha,
Mbeya.