Uhakiki wa makala za utafiti uhesabiwe kuwa kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo huzungumzwa sana ndani ya vyuo vikuu lakini wananchi wengi, ingawa ndio wanaovigharimia vyuo hivyo kwa kodi zao, hawajaelezwa kwa lugha yao: namna makala ya utafiti inavyopokewa, inavyohakikiwa na hatimaye kuchapishwa katika jarida la kitaaluma. Nimesukumwa kuandika na yaliyomfika mwanafunzi mmoja wa uzamivu ninayemfahamu vyema.

Kijana huyu alikusanya data kwa miaka miwili katika madiko ya wavuvi, kaskazini na kusini mwa Mombasa. Alipokuwa akimalizia kuandika, alipata barua pepe kutoka kwa jarida ambalo hakuwahi kulisikia, ikimwita mtafiti mashuhuri ilhali hajachapisha hata makala moja, na kumwahidi kuwa kazi yake itatoka kabla ya mwezi kwisha. Aliituma Jumatatu, Ijumaa akajibiwa kwamba imekubaliwa bila dosari yoyote. Alidaiwa dola 250, ambazo sehemu yake ilibidi akope kwenye chama cha mama yake, akalipa. Kamati ya chuo chake ilipolichunguza jarida lenyewe ililikataa. Alipoipeleka kazi hiyo hiyo kwa jarida la kweli, aliambiwa haiwezi kupokelewa kwa kuwa imekwisha kuchapishwa kwingine. Na alipowasihi wale wa kwanza waiondoe, walimdai pesa zaidi. Hadi leo hajahitimu.

Wapo watakaosema alikuwa mzembe. Mimi nasema hakufundishwa, kwa maana tunamwagiza mwanafunzi achapishe makala kabla ya kuhitimu, kisha hatumwonyeshi jarida linavyofanya kazi. Makala ikifika katika jarida la kweli, kwanza husomwa na mhariri, ambaye huweza kuirudisha siku hiyo hiyo ikiwa haihusiani na fani ya jarida au haijakamilika. Ikipita hapo, mhariri hutafuta wahakiki wawili au watatu, watu wenye ujuzi wa mada hiyo hiyo, na kuwaomba waisome bila malipo. Katika baadhi ya majarida wahakiki wanamjua mwandishi ila yeye hawajui, na katika mengine majina yamefichwa pande zote mbili. Wiki hupita, mara nyingi miezi, kisha mwandishi hupokea maoni yao pamoja na uamuzi wa mhariri: imekubaliwa, irekebishwe kidogo, irekebishwe sana, au imekataliwa. Makala kukubaliwa jinsi ilivyo mara ya kwanza inapotumwa ni nadra mno, na kwa hiyo jibu la siku nne lisilo na swali hata moja lilipaswa kumtia hofu kijana wetu badala ya furaha.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, kwa sababu ndio ulionifundisha thamani ya kazi hii. Makala yangu ya kwanza ilihusu samaki aina ya tafi wanaonaswa kwa malema, yaani mitego ya kusukwa. Nilikuwa nimewapima samaki wengi, nimechora majedwali yangu vizuri, na nikahitimisha kwa kujiamini kwamba tafi wamepungua. Mhakiki mmoja, ambaye sijamjua mpaka sasa, aliuliza swali la mstari mmoja: vipimo vyote vimechukuliwa wakati wa kaskazi, je, kusi iko wapi? Mtoto yeyote wa mvuvi angaliuliza swali hilo, kwani kusi ikivuma bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na kinacholetwa pwani si kile cha kaskazi. Nilikasirika kwa siku mbili, kisha nikarudi dikoni nikasubiri kusi. Nilipoziunganisha data za misimu yote miwili, sehemu ya ule upungufu niliokuwa nikiutangaza ilionekana kuwa ni mabadiliko ya msimu tu. Makala ilitoka miezi kumi na sita baada ya kuituma, ikiwa na hitimisho dogo kuliko lile la mwanzo, na naamini kwamba lilikuwa la kweli zaidi. Laiti ningekutana na jarida la siku nne, ningewapelekea wavuvi wa Pwani habari isiyo sahihi kuhusu riziki yao, tena ikiwa na muhuri wa sayansi.

Utaratibu huu haukushuka kutoka mbinguni. Jarida la Royal Society ya London lilianza mwaka wa 1665 chini ya Henry Oldenburg, na kwa muda mrefu mhariri ndiye aliyeamua, akiomba ushauri apendapo. Hata jarida la Nature, linalosifika duniani kote, lilifanya uhakiki wa nje kuwa sharti mwaka wa 1973 tu. Na wakubwa nao wameuchukia. Mwaka wa 1936 Albert Einstein na mwenzake Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la fizikia la Physical Review la Marekani makala kuhusu mawimbi ya mvutano. Mhariri alipoirudisha pamoja na maoni ya mhakiki, Einstein alighadhibika kwamba kazi yake imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Mhakiki alikuwa ameona kosa la kweli, na hitimisho la makala lilibadilishwa kabla haijatoka katika jarida jingine mwaka uliofuata. Ikiwa Einstein alihitaji jicho la pili, sioni aibu yoyote kwa mtafiti wa Mombasa kulihitaji.

Sitaki msomaji afikiri kwamba uhakiki ni kinga kamili. Mhakiki husoma kilichoandikwa. Hakai maabara kumlinda mwandishi asidanganye. Mwaka wa 1998 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyozusha hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Ilichukua hadi mwaka wa 2010 kubatilishwa, na hofu iliyozaliwa nayo bado inawazuia wazazi wengine kuwachanja watoto wao. Mwaka wa 2013 mwandishi John Bohannon, kwa niaba ya jarida la Science, alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 yanayosomwa bure na kutoza waandishi ada, 157 yaliikubali. Hata hivyo ada peke yake si dalili ya utapeli, kwani Nature lenyewe lilipoanza kutoa makala za kusomwa bure mwaka wa 2021 liliweka ada ya euro 9,500, kiasi ambacho mhadhiri wetu hawezi hata kukiwazia. Kinacholitofautisha jarida la kweli na la kitapeli ni kama kuna mtu aliyeisoma makala ile.

Na hapa ndipo lawama yangu inapoelekea nyumbani. Mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, kamati huhesabu makala zake. Ni kamati chache ambazo huketi na kuzisoma. Mhadhiri aliyekesha akimhakikia mwenzake makala tano, akamwonyesha palipokosewa takwimu na palipoachwa kusi, hapati alama yoyote ya maana, lakini aliyelipia makala tano za siku nne huenda akapanda. Tukiendelea hivi, wahakiki wazuri watachoka, wahariri wataendelea kuandikia watu kumi ili wapate wawili, na vijana wataendelea kunaswa. Ninaviomba vyuo vikuu vya Pwani na vya nchi nzima viuhesabu uhakiki kama sehemu ya kazi ya mhadhiri, kwa ushahidi wa barua kutoka kwa wahariri, na kamati zisome angalau makala mbili za kila mwombaji. Mwanafunzi wa uzamili aanze kuhakiki chini ya uangalizi wa msimamizi wake, maana anayejua kuuliza maswali ya mhakiki hatadanganyika kwa sifa za barua pepe. Kabla ya kutuma kazi yake, alitafute jarida katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au katika hifadhi ya African Journals Online, iliyoanza mwaka wa 1998, kisha amuulize aliyemtangulia.

Ningependa pia kazi hii ifanywe kwa Kiswahili. Ni hapa Mombasa, mwaka wa 1928, ambapo wajumbe walikutana na kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi ambao Wamvita wengi, wenyeji wa Mombasa wenye lahaja yao ya Kimvita, hawajausahau, na kamati iliyoundwa baada ya mkutano huo ndiyo iliyopanda mbegu ya jarida liitwalo Kiswahili, ambalo TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hulitoa hadi leo. Wahakiki wanaoandika maoni yao kwa Kiswahili kizito na makini wapo. Makala kuhusu malema ikihakikiwa kwa lugha hii, mvuvi mwenyewe anaweza kuisoma na kutuambia tulipokosea.

Ombi langu la mwisho ni kwako, Mhariri. Gazeti linapoandika kwamba utafiti umeonyesha jambo fulani, tafadhali litaje jina la jarida na mwaka wa makala, na liseme wazi ikiwa kazi hiyo haijahakikiwa bado. Ni maneno machache tu, lakini msomaji wa Likoni au Kongowea ataweza kwenda kuitafuta makala yenyewe, au kumtuma mwanawe amtafutie.

Wako mwaminifu,
Mtafiti wa uvuvi,
Kisauni, Mombasa