Ndege isiachiwe kuamini kihisi kimoja

Mhariri,

Ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX, safari ET302, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi asubuhi ya tarehe 10 Machi 2019. Dakika sita baadaye ilianguka karibu na mji wa Bishoftu, na watu wote 157 waliokuwemo wakafariki, Wakenya wakiwa zaidi ya 30. Tangu siku hiyo mabishano ni yaleyale: huyu analaumu kompyuta, yule analaumu marubani. Naona chanzo kiko nyuma zaidi, kwenye meza ya usanifu, ambako ndege iliboreshwa kwanza na suala la kugundua hitilafu likaachwa lije baadaye. Kwa kuwa vyuo vingi bado vinafundisha mambo haya mawili kama masomo yasiyojuana, naomba nafasi nieleze hatari yake.

Boeing 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967, na tangu mwanzo ni ndege iliyokaa chini, karibu na ardhi. Injini mpya ya 737 MAX ina feni yenye kipenyo cha sentimita 176 hivi, wakati ile ya 737-800 iliyoitangulia ina sentimita 155. Ili injini pana kiasi hicho ienee chini ya bawa, ilibidi isogezwe mbele na juu, na mguu wa gurudumu la pua urefushwe kwa sentimita 20. Mafuta yakaokolewa, lakini pua inapoinuliwa sana, kasha la injini lenyewe linaanza kubebwa na hewa, tena mbele ya kitovu cha uzito. Pua inataka kuzidi kupanda na usukani unakuwa mwepesi mkononi mwa rubani, jambo ambalo kanuni za kuidhinisha ndege haziruhusu.

Dawa ingeweza kuwa kubadilisha umbo la ndege, lakini hilo ni uzito, gharama, na pengine mafunzo mapya kwa marubani. Ikachaguliwa programu, MCAS, inayozungusha bawa dogo la mkiani ili kushusha pua. Kwa vipimo vilivyokuwa mezani, yaani uzito, mafuta, gharama na mafunzo, hilo lilikuwa chaguo bora kabisa. Kipimo ambacho hakikuwekwa ni hiki: programu hii ikilishwa taarifa ya uongo, ndege itakuwa wapi baada ya sekunde 10?

Mwanzoni MCAS iliruhusiwa kusogeza bawa la mkia nyuzi 0.6 tu, na ilihitaji ishara za aina mbili: pembe kati ya bawa na hewa inayolijia, na nguvu ya mvutano ambayo ndege inapata inapokata kona kali. Baadaye ikaonekana inahitajika pia katika mwendo mdogo. Nguvu yake ikapandishwa hadi nyuzi 2.5, na sharti la mvutano likaondolewa. Ikabaki kusikiliza kihisi kimoja cha pembe (kifaa cha kupimia chenye kijibawa kinachofuata hewa nje ya ndege), cha kushoto au cha kulia, kwa zamu kila safari, ingawa ndege ina viwili. Tathmini ya hatari ilidhani rubani ataitambua hitilafu na kuanza kuirekebisha ndani ya sekunde 3. Tena waliopima waliangalia kusogea kwa mkia peke yake. Hawakuweka pamoja usukani unaotetemeka, kipima mwendo cha kushoto kinachopishana na cha kulia na maonyo ya kimo, ambavyo vyote huzuka kwa pamoja kihisi cha pembe kinapoharibika.

Sasa tazama namba za ET302 zenyewe, kwa sababu ndizo zinazofundisha kuliko hotuba yoyote. Muda mfupi baada ya kupaa, kihisi cha kushoto kilisoma nyuzi 35.7, kisha ndani ya robo tatu ya sekunde kikafika nyuzi 74.5. Cha kulia hakikuzidi nyuzi 15.3. Hata kama cha kulia kisingekuwepo, kompyuta ilikuwa na ushahidi wa kutosha. Hakuna ndege ya abiria inayoweza kugeuka karibu nyuzi 39 katika robo tatu ya sekunde, ingevunjika kwanza. Na bawa lililofika nyuzi 74 halibebwi na hewa tena, ilhali ndege hii ilikuwa inapanda.

Miezi michache kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, 737 MAX nyingine, Lion Air 610 ya Indonesia, ilianguka katika bahari ya Java na kuua watu 189. Hitilafu yake ilikuwa ya sura nyingine. Kihisi cha kushoto kilikuwa kimerekebishwa vibaya kwenye karakana huko Marekani, kikawa kinasoma nyuzi 21 zaidi ya ukweli muda wote. Hapo kipimo cha namba kuruka ghafla kisingeona kitu, maana hakuna kilichoruka. Kinachoikamata hitilafu kama hiyo ni kulinganisha kushoto na kulia, tena ndege ikiwa tayari na mwendo kwenye barabara ya kurukia. Ikiwa imesimama, hakuna upepo wa kukinyoosha kijibawa cha kihisi, kinakaa popote, na tofauti ya pande mbili haina maana yoyote.

Hapa wengi husema: basi wekeni vihisi vitatu, viwili vikikubaliana kimoja kitupwe. Kura ya namna hiyo ina kasoro yake. Novemba 2008, Airbus A320 ilianguka baharini karibu na Perpignan, Ufaransa, katika safari ya majaribio, na watu 7 wakafa. Siku tatu kabla ilikuwa imeoshwa kwa maji bila vihisi vya pembe kufunikwa. Maji yakaingia katika viwili kati ya vitatu, yakaganda ndege ilipofika juu kwenye baridi, na vihisi hivyo vikakwama vikisoma karibu namba moja. Kompyuta ikawaamini wawili waongo na kumtupa msema kweli. Vitu vitatu vya aina moja, vilivyooshwa siku moja na fundi mmoja, ni shahidi mmoja. Ndiyo maana kifuniko cha kihisi na cha mrija wa kupimia mwendo ni sehemu ya usalama sawa na injini, hasa katika viwanja vyetu vya vumbi na joto ambako nyigu hupenda kujenga kwenye vitundu vidogo. Kikiwekwa kiandikwe kwenye daftari la kazi, na kikitolewa kiandikwe vilevile.

Shahidi wa kweli ni yule anayepima kwa njia nyingine kabisa. Chukua mwinuko wa pua, unaotoka kwenye jairo, kifaa cha ndani kinachopima jinsi ndege inavyoinama. Toa pembe ya njia ambayo ndege inapanda. Kinachobaki, mabawa yakiwa sawa na upepo umetulia, ni ile pembe ya bawa na hewa. Mfano: ndege inakwenda mita 77 kwa sekunde na inapanda mita 8 kwa sekunde, njia yake ina mwinuko wa nyuzi 6 hivi. Pua ikiwa nyuzi 15, bawa liko kwenye nyuzi 9. Kihisi kikisema 74.5, baki, yaani tofauti kati ya kihisi na hesabu, ni zaidi ya 65. Upepo wa kupanda na kushuka unaweza kuipotosha hesabu hii kwa nyuzi kadhaa. Hauwezi kuipotosha kwa 65.

Lakini kuna mtego ambao mwanafunzi mzuri huuingia kwa urahisi. Mwendo wa hewa na kimo upande wa kushoto husahihishwa kwa kutumia kihisi kilekile cha kushoto. Ukivitumia kumhakiki, unamwomba mshukiwa ajitolee ushahidi. Chukua mwendo kutoka kwenye jairo na vipimo vya mchapuko, ambavyo havijui habari za kijibawa cha nje.

Halafu amua kengele ilie lini. Boeing iliporekebisha MAX, na Marekani ikairuhusu kuruka tena tarehe 18 Novemba 2020, kiwango kilichowekwa ni nyuzi 5.5: vihisi viwili vikitofautiana kwa kiasi hicho au zaidi flapu (vipanuzi vya bawa vya wakati wa kupaa na kutua) zikiwa zimefungwa, MCAS haifanyi kazi. Kwa nini isiwe nyuzi 1? Kwa sababu upepo wa pembeni na kona huvifanya vihisi vizima vya pande mbili vitofautiane kihalali, na kengele inayolia kila siku huzimwa na wenyewe. Na kwa nini isiwe 20? Kwa sababu Lion Air ilikuwa 21, na ingekamatwa kwa chupuchupu tu.

Kuna pia muda wa kusubiri kabla ya kuamua, na hapa ndipo ugunduzi wa hitilafu unapokutana na usanifu. MCAS ilisogeza bawa la mkia nyuzi 2.5 kwa sekunde 9.26, yaani nyuzi 0.27 kila sekunde. Kila sekunde ambayo kompyuta inasita, au rubani anatafuta kinachotokea, mkia umeshakwenda nyuzi 0.27 upande mbaya. Kanuni zinahesabu kuwa rubani anaweza kuvuta usukani kwa mikono miwili, kwa muda mfupi, kwa nguvu ya niutoni 334, sawa na kunyanyua kilo 34. Marubani wa ET302 walizima umeme wa mkia kama walivyoelekezwa, lakini ndege ilikuwa na kasi kubwa mno na gurudumu la kuuzungusha mkia kwa mkono halikugeuka. Nguvu ya hewa ilikuwa imelishinda.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta usanifu bora wa mkia asipewe tu uzito na mafuta vya kupunguza. Apewe na sharti hili: kihisi kibaya kuliko vyote, ucheleweshaji wa sekunde kadhaa, na bado nguvu mkononi mwa rubani isizidi niutoni 334 katika mwendo wowote wa ndege. Sharti likivunjika ana njia tatu: akuze mkia, apunguze uwezo wa programu, au afupishe muda wa kugundua. Kila njia ina bei yake, na kuzipima pamoja ndiyo kazi halisi ya kuboresha usanifu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalirudi palepale: programu isikilize vihisi vyote viwili, ichukue hatua mara moja tu kwa kila tukio, na isiwe na nguvu ambayo usukani peke yake hauwezi kuishinda. Masharti hayo yangewekwa mwanzoni, yangegharimu karatasi na muda wa kompyuta.

Kwa walimu wa Kenyatta University, Technical University of Kenya na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar es Salaam, zoezi la kuanzia halihitaji maabara ya mabilioni. Droni ndogo yenye mabawa na programu huria ya ArduPilot huhifadhi kumbukumbu za jairo, mwendo wa hewa na GPS. Ipeperushe ikiwa nzima, kisha hitilafu ziingizwe kwenye kumbukumbu baada ya kutua. Hakuna haja ya kuiharibu angani juu ya vichwa vya watu. Ziwe za aina nne: kihisi kilichokwama, kilichohama kwa kiasi kisichobadilika, kinachopotoka polepole, na kinachotoa namba za ovyo. Wanafunzi wachore baki kwa kila aina, wachague kiwango cha kengele, kisha wahesabu kengele za uongo kwenye safari zisizo na hitilafu za siku yenye upepo mkali. Aina ya tatu itawasumbua kuliko zote, kwa kuwa kila hatua yake ni ndogo kuliko mtikisiko wa kawaida wa hewa. Hapo baki ijumlishwe kwa muda badala ya kuangaliwa papo kwa papo, na muda huo uliotumika kujumlisha uingizwe moja kwa moja kwenye hesabu ya ukubwa wa mkia.

Mhandisi wa mifumo ya ndege,
Dar es Salaam