Mzee apimwe kiuno, si uzito peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu moyo wa mzee, iliyotuhimiza tujue BMI zetu, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, kisha ikaishia hapo, imenishinda kuinyamazia.

Kanuni hiyo ya uzito na urefu ilitokana na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, mwanahisabati aliyekuwa akitafuta wastani wa umma, wala hakuwa tabibu. Kwetu wazee inapotosha zaidi, maana misuli hupungua huku mafuta yakijazana tumboni kuzunguka ini na utumbo, na mizani isione tofauti yoyote.

Nina miaka 71. Mwezi uliopita, katika zahanati nisiyotaka kuitaja, nilipandishwa kwenye mizani na viatu vyangu, na badala ya kupimwa urefu nikaulizwa, nami kwa mazoea nikataja sentimita 174 za ujanani. Nikaandikiwa kilo 70, BMI 23, hana tatizo. Nilipoomba nipimwe kiuno, muuguzi alicheka akaniuliza kama nashonesha suruali. Nyumbani mke wangu alinisimamisha ukutani akapata 168, kwa kuwa uti wa mgongo nao hufupika. Kisha akazungusha futi yake ya kushonea kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikiwa nimeshusha pumzi, akasoma 101. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume huanza kuwa hatarini akipita 94, na hatari huwa kubwa akipita 102. Huyo ndiye asiye na tatizo!

Hata presha nilipimwa juu ya mkono wa koti, mkono ukining'inia, huku nikihojiwa habari za wajukuu.

Kama futi ni ghali mno, napendekeza kila zahanati inunue mpira mmoja wa uzi. Mzee akatiwe uzi wa kimo chake cha leo, ukunjwe katikati upate nusu ya kimo, uzungushwe kiunoni. Ncha zisipokutana, apimwe sukari na mafuta ya damu siku hiyohiyo. Mkasi nitautoa mimi.

Msomaji wenu wa siku nyingi