Si kweli kwamba Waingereza walilala

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama ameniagiza nikufikishie salamu zake kabla ya neno lolote.

Barua yako nimeisoma. Unasema Waingereza walivumbua kifaru cha vita mwaka 1916, kisha wakalala usingizi wa pono mpaka Hitler alipokuja kuwaamsha. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na siwezi kusubiri mpaka tuonane.

Hawakulala. Vile vifaru vya vita vya kwanza vilikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kufikia mwaka 1924 jeshi lao lilikuwa limeanza kupokea Vickers Medium, kifaru chenye springi, mwendo wa kilometa 24 kwa saa, na mzinga uliokaa kwenye kichwa kinachozunguka pande zote. Mwaka 1927 wakaunda kikosi cha majaribio kwenye uwanda wa Salisbury huko kwao Uingereza, vifaru na magari ya deraya pamoja na mizinga ya kukokotwa kwa injini, wenye bunduki za rashasha wakipakiwa kwenye magari, na ndege juu yao. Nchi nyingine kubwa zilikuwa bado zinaligawa jeshi lao kwa mtindo wa zamani.

Lakini mwaka ninaoupenda kuliko yote ni 1931. Kabla ya hapo kamanda wa vifaru alitoa amri kwa kupunga bendera, na vumbi likishatimka, nani ataiona? Mwaka huo ofisa wao Charles Broad aliiongoza brigedi nzima ya vifaru kwa redio. Waliipitisha kwenye ukungu, ikatokea upande wa pili mbele ya wakubwa ikiwa bado imejipanga. Mimi naona huo ndio ulikuwa uvumbuzi wenyewe, kwa sababu chuma kinene kila nchi ingeweza kukitengeneza. Kuvifanya vifaru mia na zaidi visikie sauti ya mtu mmoja ni jambo jingine kabisa.

Basi walikwama wapi? Kwanza, pesa. Tangu mwaka 1919 serikali iliyaambia majeshi yapange mambo yao kana kwamba hakutakuwa na vita kubwa kwa miaka kumi, na agizo hilo halikufutwa mpaka 1932. Mfinyanzi hulia gaeni, Rashidi. Mwaka 1928 Vickers walitengeneza kifaru cha tani sita, kizuri na cha bei nafuu, jeshi la nyumbani likakikataa. Wasovieti wakakinunua na kupata haki ya kukitengeneza. Kwao kikazaa T-26, na vikatoka vifaru zaidi ya 10,000 vya aina hiyo. Poland ilikinunua, Finland ilikinunua, hata Bolivia ikakipeleka vitani Chaco dhidi ya Paraguay.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, walikikatakata kifaru vipande. Badala ya kifaru kimoja chenye deraya, mwendo na mzinga, walitaka kimoja chepesi cha kupeleleza, kingine cha kukimbia, na cha tatu kizito cha kutembea na askari wa miguu. Kila kimoja kikakosa kilichokuwa kwa mwenzake.

Itazame A11, ile waliyoiita Matilda ya kwanza. Jenerali Hugh Elles, mtu yuleyule aliyepanda kifaru mwenyewe kuongoza vita vya Cambrai mwaka 1917, alimwomba Sir John Carden wa Vickers amchoree kifaru kisichozidi pauni 6,000. Carden alikuwa fundi hodari, akampa kilicholingana na bei. Deraya ya mbele ilikuwa milimita 60, unene usio wa kawaida kwa wakati ule. Injini ilikuwa ya Ford, mwendo kilometa 13 kwa saa. Ndani kulikuwa na watu wawili tu. Dereva alikaa mbele, na nyuma yake kamanda peke yake mle kwenye kichwa, akitazama njia, akijaza risasi, akifyatua na kuzungumza na redio. Silaha yenyewe ni bunduki moja ya rashasha! Tarehe 21 Mei 1940 huko Arras, vifaru hivyo 58 pamoja na Matilda ya pili 16 viliwaendea askari wa Rommel, jenerali wa Kijerumani. Risasi za mizinga midogo ya Wajerumani zilidunda juu ya deraya, na ilibidi walete mizinga ya milimita 88 ili kuvizuia. Fikiria wangekuwa na mzinga wa maana mle ndani.

Vile vya kukimbia navyo vilikuwa na balaa lake. Ofisa wao Giffard Martel alikwenda kutazama mazoezi ya Wasovieti mwaka 1936, akaona vifaru vya BT vikiruka mabonde kwa springi za Mmarekani Christie. Akarudi akiwaka, Uingereza ikanunua kifaru kimoja cha Christie, kwa mfano wake ikapatikana A13 yenye mwendo wa kilometa 48 kwa saa na deraya ya milimita 14! Mzinga wake wa milimita 40 ulitoboa chuma vizuri sana, ila haukupewa makombora ya kulipuka. Wakikutana na mzinga uliofichwa kichakani, watu wake wamelala chini, walibaki na rashasha tu.

Ukitaka kumlaumu mtu, walaumu waliomtoa Percy Hobart. Ofisa huyu alipewa brigedi ya kwanza ya kudumu ya vifaru mwaka 1934, na mwaka 1938 akapelekwa Misri kuunda divisheni ambayo baadaye ilisifika jangwani kama ya 7 ya deraya. Kabla haijapigana wakubwa wake walishamwondoa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1940, nchi ikiwa hatarini, mwalimu wao wa vifaru alikuwa koplo usu katika mgambo wa kijijini kwake, mpaka Churchill alipoagiza arudishwe jeshini.

Nijibu upesi, hasa kuhusu Arras, najua utabisha. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Juma