Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO: nani ataitika kwa niaba ya marehemu?

Mheshimiwa Profesa Khaled El-Enany,

Salaam alaykum. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa shirika lako ndilo lililoipa lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai. Isitoshe, neno lililonisukuma kushika kalamu ni la Kiswahili: mumiani.

Sisi tuliokulia pwani tulitishwa nalo. Ukizembea njiani jua likizama, mumiani atakuchukua akunyonye damu. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba mumiani ilikuwa pia dawa nyeusi ya kutibu mifupa iliyovunjika, na kwamba jina hilo na lile la maiti za Misri zilizokaushwa, mumia, asili yao ni moja. Huko Ulaya, kwa karne kadhaa, wauza dawa walisaga maiti za wahenga wenu Wamisri wakawanywesha wagonjwa. Wachoraji nao wakautia unga huo kwenye rangi ya kahawia. Bibi yangu alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe.

Siku hizi maiti hazisagwi. Vitu vya kaburini, hata hivyo, vinauzwa mtandaoni mchana kweupe, na kinachoniuma zaidi ni shabti. Wewe ndiye bingwa wa elimu ya Misri ya kale. Haya nawaeleza wasomaji wenzangu. Shabti ni kisanamu cha makaburi ya Misri ya kale, vingi vyao vya kuenea kiganjani, mikono imekunjwa kifuani, mara nyingi na jembe. Vingi vimeandikwa maneno mwilini: marehemu akiitwa ahera kwenda kulima au kubeba mchanga, kisanamu kiitike badala yake, "Mimi hapa!" Kwetu tungesema: labeka! Kaburi la mwenye uwezo liliweza kuwa na 401, yaani mmoja kwa kila siku ya mwaka na wanyapara 36 wa kuwasimamia. Leo watumishi hao wametawanywa, huyu kabatini London, yule sebuleni New York. Wale wa kawaida wanauzwa kwa bei ya simu.

Chini ya picha muuzaji huandika maneno kama haya: kimetoka kwenye mkusanyiko wa bwana mmoja wa Ulaya, ulioanza miaka ya 1960. Basi. Bwana yupi? Alikinunua kwa nani?

Sitaki kuwaonea. Mpaka Sheria namba 117 ya mwaka 1983 ilipopiga marufuku biashara hii, Misri ilikuwa na wafanyabiashara wenye leseni, na hata Makumbusho ya Cairo yalikuwa na chumba chake cha kuuzia. Vipo vilivyotoka kihalali. Lakini hapo ndipo penye mwanya: kilichochimbwa juzi usiku kinahitaji karatasi moja tu yenye sura ya zamani.

Jeneza la Nedjemankh, kuhani wa Misri ya kale, unalijua. Liliporudi Cairo mwaka 2019 wewe ndiwe uliyekuwa waziri wa mambo ya kale wa Misri. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalilinunua mwaka 2017 kwa takriban dola milioni 4, kwa kibali cha kulitoa Misri cha mwaka 1971 ambacho kilikuwa cha kughushi. Lilikuwa limeibwa Minya katika vurugu za 2011. Wezi waliitoa maiti. Mfupa wa kidole ukabaki ndani. Ikiwa makumbusho yenye wataalamu wa kila aina yalidanganywa na karatasi, itakuwaje kwa mwalimu mstaafu anayenunua shabti akiwa kitandani?

Wizi wa vitu vya wafu mimi naujua kwetu Kilifi. Kigango ni gogo lililochongwa kumsimamia mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha heshima cha wazee wa Kimijikenda, na halihamishwi. Familia ikihama huliacha lioze pale pale. Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya nduguze. Muda si mrefu vikaibwa, na baadaye vikakutwa kwenye makumbusho ya vyuo vikuu viwili vya Marekani. Kimoja kilirejea kijijini mwaka 2007. Bila picha ile, nani angetusadiki?

Sasa fikiria kaburi ambalo halijawahi kufunguliwa. Anayelifungua kwanza ni mwizi. Hakuna picha wala orodha. Ukiidai Misri ithibitishe kwamba shabti fulani ni mali yake, unaidai ushahidi ambao haukuweza kuwapo.

Ndiyo maana naomba mzigo huo uhamie kwa muuzaji. Mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, hauangalii nyuma, na sikuombi uufumue. Tumia kiti chako kuzishawishi nchi zenye minada zimlazimishe muuzaji kuonyesha kibali chenyewe, chenye namba, badala ya hadithi ya bwana wa Ulaya. Wasaidie pia wenzako wa Cairo kuweka mtandaoni vibali na madaftari ya zamani ya wauzaji, ili hata mimi wa Kaloleni niweze kulinganisha namba na muhuri. Mwaka 1978 Mzee Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, akiwa kwenye kiti hicho hicho, aliusihi ulimwengu urudishe vilivyochukuliwa. Yeye hakuwa na intaneti.

Jibu si lazima liwe la Kiswahili. Ukiandika kwa Kiarabu, wa kutusomea yupo.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kaloleni, Kilifi