Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayetaka Kuijua Hisabati

Mpwa wangu mpendwa,

Uliniomba nikutajie vitabu vya kusoma na filamu za kutazama ili uijue hisabati, na sayansi kwa ujumla, nje ya yale unayofundishwa darasani. Orodha ndefu ningeweza kukuandikia, lakini ingekulemea bure. Nimechagua kazi chache tu, na kigezo changu kilikuwa kimoja: je, kazi hiyo inakufikisha kwenye hoja yenyewe, au inakuishia kwa mtu aliyeitoa? Anayejua sifa zote za wanahisabati wakubwa bila kuwahi kufuata hata uthibitisho mmoja hadi mwisho bado hajaionja hisabati.

Anza na kitabu chembamba cha mwanahisabati G. H. Hardy, A Mathematician's Apology, kilichotoka Uingereza mwaka 1940. Hardy alitaka kumwonyesha msomaji wa kawaida uzuri wa hisabati, na badala ya kuusifu kwa maneno, aliweka mbele yake thibitisho mbili za Wagiriki wa kale: kwamba namba tasa hazina mwisho, na kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu yenye namba nzima juu na chini. Ile ya kwanza imo katika kitabu cha tisa cha Elements ya Euclid, iliyoandikwa takriban miaka 300 kabla ya Kristo, na hadi leo haijapungukiwa na kitu. Chukua namba tasa zozote ulizonazo, zizidishe zote kwa pamoja, kisha ongeza 1. Namba utakayoipata, ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile ulizoanza nazo, itabakiza 1. Kwa hiyo namba tasa inayoigawanya bila baki lazima iwe mpya, na orodha yako, hata ingekuwa ndefu kiasi gani, haikuwa kamili.

Hapa naomba usiharakishe, kwa maana wengi hukimbilia kusema kwamba namba hiyo mpya yenyewe ni tasa. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, uongeze 1, utapata 30031, ambayo ni 59 mara 509. Uthibitisho haukudai kwamba 30031 ni tasa. Ulidai tu kwamba kuna namba tasa ambayo hukuwa nayo, na sasa umepata mbili. Tofauti kati ya kinachodaiwa na kinachodhaniwa kudaiwa ndiyo nidhamu ninayotaka uizoee mapema, na ndiyo sababu nakusihi usisome kitabu chochote cha hisabati bila kalamu na karatasi.

Hata hivyo, Hardy usimkubalie yote. Aliandika akiwa mzee mwenye huzuni, akajivunia kwamba kazi yake haikuwa na manufaa ya kidunia, ilhali nadharia ya namba aliyoipenda ilikuja kuwa, tangu miaka ya 1970, msingi wa usimbaji unaolinda siri katika mawasiliano ya kompyuta. Aliamini pia kwamba hisabati ni kazi ya vijana. Kwa hilo nakuelekeza kwenye filamu ya BBC ya mwaka 1996 kuhusu mwanahisabati Andrew Wiles, iliyoongozwa na Simon Singh. Wiles alikutana na swali la Fermat, yaani kuthibitisha kwamba namba nzima mbili zilizo kubwa kuliko sifuri, zikipandishwa kipeo kilekile kinachozidi 2 na kujumlishwa, haziwezi kutoa namba nzima iliyopandishwa kipeo hicho, akiwa mtoto wa miaka 10, akalifanyia kazi kwa siri kwa takriban miaka saba, akatangaza jibu Cambridge mwezi Juni 1993, kisha pengo likaonekana katika hoja yake. Alipoliziba mwezi Septemba 1994, baada ya kusaidiana na Richard Taylor, alikuwa na umri wa miaka 41. Hisabati yake hutaielewa kwa kutazama filamu hiyo, na wala wengi wetu hatuimudu, lakini utamwona mtu mzima akishindwa kuendelea kuzungumza anapoikumbuka asubuhi alipoliona jibu, na utaelewa kwamba haya si mambo ya ubaridi.

Katika kujifunza kutatua maswali, kitabu cha George Pólya cha mwaka 1945, How to Solve It, kinatosha. Ushauri wake ninaoutumia zaidi ni huu: swali likikushinda, tafuta swali jepesi linalofanana nalo, ulitatue hilo kwanza.

Upande wa sayansi, tafuta mihadhara saba ambayo Richard Feynman aliitoa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1964. Wa pili unahusu uhusiano wa hisabati na fizikia, na humo anaonyesha, kwa pembetatu tu, kwa nini sayari inayovutwa kuelekea jua hufagia maeneo yaliyo sawa katika muda ulio sawa. Usimwache Michael Faraday pia, ambaye hakuwa na hisabati nyingi, lakini mihadhara yake sita kuhusu mshumaa, iliyochapishwa mwaka 1861, inafundisha namna ya kukiuliza kitu maswali hadi kijibu. Uzime mshumaa, kisha usogeze kiberiti kinachowaka kwenye moshi unaopanda: mwali utaruka na kurudi kwenye utambi, nawe utajua kwamba kinachoungua ni mvuke.

Katika video za intaneti, napendekeza za Grant Sanderson, 3Blue1Brown, hasa mfululizo wake wa aljebra ya mstari, unaoonyesha matriki, yaani jedwali la namba, kama mwendo wa nafasi nzima. Hatari yake ni kwamba zimetengenezwa vizuri mno, hata mtazamaji hudhani ameelewa kwa kuwa amependezwa. Zisimamishe kila baada ya dakika chache ujaribu kukisia kinachofuata.

Filamu za maisha ya wanasayansi zitazame kwa kujipumzisha. Ile ya mwanahisabati John Nash, A Beautiful Mind ya mwaka 2001, imeigizwa vizuri, ila mfano wake wa vijana wote kumwepuka msichana mmoja anayetamaniwa na wote, ili wasizuiane, si wazo la Nash hata kidogo: wengine wote wakimwepuka, kila mmoja wao angefaidika kwa kubadili uamuzi peke yake, na Nash alizungumzia hasa hali ambayo faida hiyo haipo.

Ukishamaliza uthibitisho wa pili wa Hardy, ule wa kipeuo cha 2, uandike upya kwa kutumia 3, kisha kwa kutumia 4. Kwa 3 utapita. Kwa 4 haiwezekani upite, kwa kuwa kipeuo chake ni 2. Basi tafuta ni mstari gani hasa unaokataa, na uniandikie kwa nini.

Wako,
Mjomba