Tenda ya madawati haijafa bado

Ngamiani, Tanga
Jumatatu usiku

Shoga yangu Mwanahamisi,

Assalaam aleikum. Huku wazima, mvua imekata, joto limerudi na mbu wake. Mama anakusalimu na anauliza kikapu chake kitarudi lini. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, dakika 7, nusu nzima unamlaani afisa manunuzi kwa kufutwa kwa tenda ya madawati mliyoiomba. Nimeona nikuandikie, maana haya ni mambo ya kuweka mezani ukayafuata kwa kidole.

Kwanza tarehe, mengine baadaye. Hemedi kakudanganya, ingawa najua hakukusudia. Hizo siku 7 za kulalamika anazozitaja ni za sheria ya 2011 ilivyorekebishwa 2016. Sasa tunakwenda na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, na muda wa kulalamika ni siku 5 za kazi tangu ulipojua jambo lenyewe. Notisi ya kufuta tenda imekufikia Alhamisi. Basi Ijumaa ni siku ya 1, leo ni ya 2, na ya 5 ni Alhamisi hii. Usiingoje hiyo Alhamisi. Mtandao wa Bagamoyo naujua, na umeme wenu naujua zaidi. Jumatano asubuhi iwe imeshafika.

Anayeandikiwa ni Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi. Siyo afisa manunuzi, siyo diwani, na huyo mjomba wako wa Dodoma mwache alale. Barua iwe kwa jina la kampuni, isainiwe na yuleyule aliyesaini zabuni. Ukisaini wewe wakati kwenye zabuni amesaini Athumani, watakurudishia kwa hilo tu, na siku zitakuwa zimekwisha. Ipitishe NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, kwenye sehemu ya malalamiko, kisha nakala ipelekwe masjala igongwe muhuri wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaokutetea mbele ya safari.

Sasa kiini. Wewe umejaza ujumbe mzima kwa hoja moja, kwamba bei yako ilikuwa ya chini. Shoga, hilo liweke pembeni. Kuwa wa chini hakumzuii mtu kufuta tenda, na ukianza nalo utaonekana unalilia mkataba tu. Unachopigana nacho ni SABABU waliyoiandika. Wameandika nini? "Mabadiliko ya mahitaji ya mtumiaji." Maneno matano, na hayo ndiyo ya kuyachambua kama dagaa.

Nimezifungua nyaraka zote mbili ulizonitumia, ya kwanza na hii waliyoitangaza upya leo asubuhi, nikaziweka ubavu kwa ubavu. Madawati 400, yaleyale. Urefu na kimo, vilevile. Fremu ya bomba la mraba, mbao zilezile, rangi ileile, hata kosa la tahajia kwenye jedwali la pili wamelihamisha kama lilivyo. Kilichobadilika ni kimoja: zamani mzabuni alitakiwa aonyeshe mkataba 1 wa kazi inayofanana, sasa wanataka 3. Haya niambie, mtumiaji ni nani? Ni mtoto anayekalia dawati. Mahitaji yake ni dawati. Idadi ya mikataba ni sifa ya fundi, na mtoto haikalii. Kwa hiyo mahitaji ya mtumiaji hayajabadilika hata kwa msumari mmoja, na sababu yao imeanguka kwa karatasi zao wenyewe.

Hoja hiyo ibebe barua yote. Chora jedwali la safu tatu: kipengele, nyaraka ya kwanza, nyaraka ya pili. Andika na namba ya ukurasa. Piga picha za skrini usiku huuhuu, tarehe na saa zionekane, kwa sababu tangazo linaweza kurekebishwa kesho ukabaki unaapa peke yako.

Hoja ya pili ije nyuma yake, fupi. Wamefuta baada ya zabuni kufunguliwa, na bei zimeshaonekana. Ingekuwa kabla ya kufungua ningekwambia huna pa kushika sana. Lakini sasa wenzako watatu wanajua uliweka 85,000 kwa dawati. Mtu akishusha shilingi 500 tu, keshakupita kwa 200,000 kwenye jumla. Hapo ndipo unapoumia, na hapo bei yako ina kazi: inaonyesha hasara uliyopata, haiombi huruma.

Kama wangesema fedha hazipo, ningekwambia ukaze mkanda uache, hiyo ni ngumu kuipindua. Lakini nani asiye na fedha hutangaza tena siku ya pili ya kazi?

Kuhusu unachoomba, nakusihi usiandike "tunaomba tupewe zabuni". Tathmini haikumalizika, hakuna wa kukupa. Omba kufutwa kwa tenda kutenguliwe, tathmini iendelee kwa vigezo vya mwanzo, na tenda mpya isimamishwe hadi malalamiko yaamuliwe. Basi. Na yale ya "tunajua nani anapendelewa" yatoe yote. Huna ushahidi, na yatachafua jedwali lako zuri.

Afisa Masuuli naye ana siku 5 za kazi za kujibu. Akikataa, au akijibu nusunusu, unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA, ndani ya siku 5 za kazi nyingine tangu upate uamuzi. Akinyamaza je? Wengi hufia hapa. Wanakaa wanangoja jibu kwa adabu, kumbe siku zake zikiisha, zako za rufaa zimeshaanza kukatika. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la saruji. Rufaa ina ada yake, itengeni mapema. PPAA wanaweza kuubatilisha uamuzi, kuagiza tathmini irudiwe, hata kuamuru ulipwe gharama za haki ulizoingia, kwa hiyo risiti usitupe.

Mawili yamebaki. Zabuni yako ya kwanza ina muda wake wa kuwa hai. Ukiombwa kuuongeza, kubali kwa maandishi, maana zabuni iliyokwisha muda hata ukishinda rufaa unabaki na ganda. Na hiyo tenda mpya, kama una mikataba 3, iombe pia, ukiambatanisha barua kwamba hujaacha malalamiko yako. Hemedi atasema kuomba ni kukubali. Mimi nasema kususa ni kujifungia mlango mwenyewe. Ila bei usiishushe kwa hasira. Kapige hesabu ya mbao upya kwanza.

Nikirudi kwenye yale maneno matano: naomba unitumie notisi yenyewe, siyo uliyonisomea. Wameandika "ya mtumiaji" kweli, au "ya taasisi"? Barua yote imesimama hapo, na likiwa la pili itabidi nigeuze sentensi mbili tatu. Na mikataba unayo mingapi, ile ya shule ya Kiwangwa ilisainiwa au mlifanya kwa mdomo? Athumani yupo, au kaenda tena Mafia? Nani mwingine kati ya wale watatu amelalamika? Rasimu utanitumia kesho kabla ya magharibi nipitishe jicho?

Na kikapu cha mama?

Wako,
Tatu